Tulipomgeuza Mutumbula Kuwa Papa Bombo

Jumamosi iliyopita baba yenu alizima televisheni katikati ya mieleka, nanyi mkanuna mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Alisema kile si kitu cha watoto. Jirani, aliyekuja kutazama kwetu kwa sababu kwake umeme ulikuwa umekatika, akasema ni cha watoto hasa, watu wazima ndio wangekatazwa. Wakabishana. Mimi nilikuwa nimefumba macho kitini, mkafikiri nimelala. Sikulala, nilichoka tu. Ubishi ule ule niliusikia nikiwa na meno yangu yote, wakati mji huu wa Lubumbashi ukiitwa bado Élisabethville na hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amewahi kuona televisheni. Siku hizo waliobishana walikuwa padri na seremala, na mimi nilikuwa katikati yao.

Mnaniita Kambo, yaani babu. Wazee wachache waliobaki hapa mtaani Hewa Bora wananiita Arbitre, nanyi hamjawahi kuuliza kwa nini. Nilikuwa mwamuzi wa mieleka, au katchi kama tulivyosema. Siku za kazi nilikuwa karakana ya reli nikipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Mwisho wa juma nilivaa shati jeupe na tai ya kipepeo, nikapanda ulingoni. Reli ilinipa pensheni. Mieleka ilinipa magoti haya.

Swali lenu la kila mara, kama ilikuwa ya kweli au ya uongo, linanichosha kuliko ngazi za kanisa. Nitalijibu leo, halafu msilirudie. Nani atashinda, tulijua sote kabla ya kuingia. Lakini kuanguka kulikuwa kuanguka. Mbao hazina habari kwamba mmepatana.

Mbao zenyewe zilikuwa za Mzee Sulemani. Huyu alikuwa seremala, mtu wa familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, na kofia yake nyeupe ilikuwa na vumbi la mbao siku zote isipokuwa Ijumaa. Mieleka aliiona kwa dirisha, alipoitwa kutengeneza viti vya klabu ya Wazungu. Walikuwa na wapiganaji wao wageni, wanene, waliovaa chupi za rangi. Sulemani alisimama pale na randa mkononi mpaka mwisho, kisha akarudi kwetu katika mitaa ya wenyeji akasema jambo lile hata sisi tunaliweza, na tutalifanya vizuri zaidi kwa sababu sisi tumezoea kuanguka.

Ulingo wake wa kwanza ulikuwa balaa. Alitumia mbao mbichi, na kila mpiganaji alipokanyaga zililia kama bata. Shujaa wetu alipita mbele akiwa amekunja uso, kifua nje, na chini yake kwaa, kwaa, kwaa. Watu walicheka mpaka wakasahau kumshangilia. Baada ya hapo Sulemani alijifunza kuchukua mbao kavu za masanduku ya mashine, akazipanga juu ya matairi ya malori, juu ya mbao magunia ya vumbi la mbao, na juu kabisa turubai iliyovutwa mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma. Matairi ndiyo siri. Yanaurudisha mwili juu kidogo, na yanatoa mlio unaosikika hadi barabarani. Kamba alizizungushia vipande vya blanketi, maana kamba tupu inachana mgongo.

Kuanguka nako kuna shule yake. Kidevu kifuani, ili kichwa kisiguse. Pumzi unaitoa kabla ya kufika chini. Ukiibakiza ndani itakupasua mbavu. Mgongo wote ufike pamoja, na viganja vipige turubai kwa nguvu. Yule aliyekurusha naye ana kazi: mkono wake mmoja unakubeba mpaka mwisho, hata kama uso wake unaonyesha kwamba anataka kukuua. Wabaya katika mieleka ndio wenye mikono laini kuliko wote. Mtu mwenye mikono mikali tulimpa kazi ya kuwa shujaa, ili apigwe zaidi.

Na mwamuzi je? Mkiona mwamuzi anainama haraka karibu na mtu aliyekabwa shingo, mjue anamwuliza kama anapumua. Anayekabwa anamjibu kwa kubana kidole. Nilijifunza kusema bila kutembeza midomo, na kusimama kila mara mahali ambapo mgongo wangu unawaficha wawili wanaonong'onezana. Nilipoanza nilipenda kujionyesha, nikirukaruka na kutikisa kidole. Sulemani aliniita pembeni.

"Bantu banakuya kuona bale babili," aliniambia. "Weye uko mulango. Unaona mulango unacheza?"

Sikuruka tena.

Sasa niwaambie juu ya Gaspard. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, baba yake aliletwa huku kwa kazi ya reli. Yeye alifua mashuka hospitalini, akaimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia, na alipokusalimu aliinamisha kichwa kama anayeomba radhi. Kwa kukamua mashuka mazito miaka mingi alikuwa amepata mabega mapana kama kabati. Sulemani alimwona akitoka misa, akamfuata mpaka kwake. Alikataa mara nyingi. Alipokubali, aliweka sharti moja, uso wake usionekane.

Ndiyo maana akawa Mutumbula.

Ninyi neno hili hamlitetemekei tena, kwa hiyo nalieleza. Siku zile watu wote wa mji huu, wenye shule na wasio na shule, waliamini kwamba kuna watu wanaozunguka jua likizama, wakiwakamata wapita njia. Waliitwa batumbula. Ilisemwa kwamba wanawaziba watu midomo, wanawafungia mahali, wanawanenepesha, halafu Wazungu wanawala. Watu wazima, wenye misuli, hawakutembea peke yao. Ukichelewa, mke wako alisimama mlangoni akilia kabla hujafika. Nisiwadanganye, mimi pia nilikimbia mara nyingi kutoka karakana hadi nyumbani, na grisi mikononi, bila kumwona mtu yeyote nyuma yangu.

Sulemani alishona kinyago cha gunia jeusi chenye matundu ya macho, akampa Gaspard koti refu na kipande cha mpira wa maji. Hakutangaza chochote. Jumamosi ile katika ukumbi wa misheni, mtu yule aliingia akitembea polepole bila kusema neno, akasimama mbele ya mabenchi. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikataja jina lile, na ukumbi ukapasuka.

Nimesikia kelele nyingi maishani, za karakana na za viwanja vya mpira. Ile ilikuwa kitu kingine. Wanaume wa tanuru, wapishi, walinzi, makarani wenye kalamu mfukoni, walisimama juu ya mabenchi wakamwambia Mutumbula mambo ambayo hayakuwa yake. Walimwambia juu ya viboko. Walimwambia juu ya majina waliyoitwa kazini. Mmoja alirudia tu, "Leo utaniita bwana, leo utaniita bwana," mpaka sauti ikamkauka. Na kila Jumamosi, baada ya kutesa vya kutosha, Mutumbula aliangushwa na shujaa wetu. Mimi nilihesabu, na ukumbi wote ulihesabu nami. Watu walirudi nyumbani wakiwa wamechoka vizuri. Jumatatu waliinamisha vichwa tena kazini.

Aliyempenda Mutumbula kuliko wote, ikiwa kupenda ndilo neno, alikuwa Ngoy. Huyu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Alikuwa na mvi, lakini kazini aliitwa kijana. Mtu mpole, asiyekunywa, mwenye jaketi moja safi. Alikaa mbele, pembeni ya ulingo, kiti kile kile kila wiki. Hakutukana kama wengine. Alimtazama Mutumbula tangu mlangoni hadi anapotoka, na mikono yake ilishika magoti kama mtu aliye juu ya lori linalokimbia. Sisi tulimheshimu. Tulisema huyu ndiye shabiki, huyu anaelewa mchezo. Hatukumwuliza kitu.

Halafu padri aliyesimamia ukumbi alituita. Tulimwita Mupe, kama tulivyowaita mapadri wote. Hakuwa mtu mbaya. Alizeeka mapema kwa malaria na kwa matatizo ya watu. Alisema jina lile linatia hofu ya kipagani, watoto wa shule wanaota ndoto mbaya, na wanawake wanalalamika kwamba waume zao wanatumia Jumamosi kupiga kelele kama watu wa porini. Kama tunataka kuendelea katika ukumbi wake, mieleka ihamie Jumapili alasiri, iwe ya jamaa nzima, baba, mama na watoto. Damu isiwepo, hata ile ya dawa nyekundu ya vidonda tuliyoficha ndani ya pamba. Matusi yasiwepo. Mutumbula asiwepo. Na wapiganaji wafunike vifua.

Sulemani alibisha kwa adabu. Alisema watoto hawaogopi. Watoto wanacheza mutumbula uani kila siku, wanapokezana. Wanaoogopa ni wakubwa, na ndio wanaohitaji mahali pa kuogopea. Mupe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ukumbi ni wa misheni. Tukabeba kofia zetu tukatoka.

Kwa hiyo tukawa watu wa adabu. Wapiganaji walivaa fulana na kaptula zilizofika magotini, wakafanana na wanafunzi walioachwa darasani miaka mingi. Kinyago cha Mutumbula kilikuwa kizuri mno kutupwa, na Sulemani hakutupa kitu, basi akakishonea midomo mikubwa myekundu na ua la kitambaa kila upande, penye masikio. Gaspard akapewa mfuko wa bombo, hizo pipi za rangi, awarushie watoto, na jina jipya, Papa Bombo. Badala ya kutesa watu alijikwaa, akajifunga katika kamba, akakaa juu ya ndoo ya maji.

Akina mama walikuja, na watoto mgongoni na mbele na pembeni. Mupe alifurahi. Alitegemea utulivu, maskini. Akina mama wale walikuwa wakali kuliko wanaume wote wa Jumamosi. Mmoja alipanda hadi kwenye kamba akampiga shujaa wetu kwa kandambili, kwa sababu shujaa alikuwa amemsukuma Papa Bombo, mzee wa watu anayegawa pipi. Mpiganaji yule aliniuliza bila kutembeza midomo afanye nini. Nilimwambia aombe msamaha. Akaomba.

Wanaume walikuja Jumapili chache. Walikaa mikono imekunjwa, wakitazama mbele kama walio kwenye foleni ya kodi. Kisha wakaacha kuja, wakaenda kwenye pombe. Niliwaelewa. Mahali pao palikuwa pamechukuliwa, na huwezi kumwambia mke wako kwamba ulihitaji kile kitu kibaya. Ngoy peke yake aliendelea. Jaketi lile lile, kiti kile kile. Watoto waliruka wakipokea bombo juu ya kichwa chake, naye hakucheka wala hakunung'unika. Alimtazama Papa Bombo, na mikono ilishika magoti.

Gaspard ndiye aliyefurahia mabadiliko. Kwa miaka yote ile alikuwa amemficha binti yake, Beatrisi, kazi yake ya pili. Mtoto alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Siku moja baba yake alimkuta uani amevaa mfuko wa unga kichwani, akiwakimbiza wenzake na kuwaambia yeye ni mutumbula. Gaspard alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alimwambia siri, na mtoto hakushangaa sana. Aliuliza tu kama anaweza kujaribu kile kinyago.

Wazo likamwingia Gaspard. Aliniambia kwa aibu yake ile, akitazama viatu. Alitaka Beatrisi awe sehemu ya mchezo. Papa Bombo atamnyakua kutoka benchi la mbele na kumpandisha ulingoni, mtoto atapiga kelele, kisha atamsukuma kwa kidole kimoja tu, na Papa Bombo ataanguka chali kama mti.

"Nilikuwa tu muntu wa kuogopewa," aliniambia. "Nataka mutoto yangu anicheke mara moja mbele ya bantu."

Tulilipenda wazo. Walifanya mazoezi uani, baba na binti, na mimi nilikwenda kuwaonyesha namna ya kumwinua mtoto bila kumwumiza kwapa. Beatrisi alijifunza upesi. Shida ilikuwa moja, alicheka kila mara badala ya kupiga kelele. Tulimwomba ajitahidi.

Jumapili yenyewe mke wa Gaspard alikaa benchi la mbele na mtoto, karibu kabisa na kiti cha Ngoy. Papa Bombo alijikwaa, akakaa kwenye ndoo, akarusha pipi. Kisha akashuka polepole kati ya kamba, akatembea mbele ya mabenchi, kimya, na kwa kitambo kile kifupi nilimwona Mutumbula wa zamani akipita, mwendo ule ule, mabega yale yale, maua masikioni hayakuficha kitu. Akainama. Akamshika Beatrisi mikono, akamnyanyua. Na Beatrisi alipiga kelele vizuri kuliko tulivyomfundisha.

Ngoy alisimama. Viti vichache vya pembeni ya ulingo vilikuwa vya chuma, vya kukunja. Alikinyanyua chake akampiga Gaspard begani kwa nyuma, na niliusikia mfupa. Nimewaambia kuna mlio wa matairi na mlio wa viganja. Huu haukuwa mmoja wao. Gaspard alipiga magoti lakini hakumwangusha mtoto, alimsukuma juu ya turubai, mbali na kiti. Ngoy akainua tena. Mimi nilikuwa nimeruka chini, nikajitupa juu ya mkono wake, tukabaki tumeshikana. Mtu wa tanuru. Nilihisi kama nimeshika nguzo. Hakuwa na hasira usoni, ndicho kilichonitisha. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya kazi aliyoisubiri.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa kutomvua mtu kinyago. Nikanyoosha mkono wangu mmoja uliokuwa huru, nikakivuta.

"Angalia," nilimwambia. "Iko Gaspard. Wa mashuka, wa hospitali. Angalia muzuri."

Gaspard alikuwa amekaa chini, jasho linamtiririka, mkono mmoja umening'inia. Juu ya turubai Beatrisi alikuwa amesimama na midomo wazi. Akasema, si kwa kulia, bali kwa kuwaeleza watu, "Ni baba yangu."

Ngoy alimtazama Gaspard muda mrefu. Niliona anamtafuta mwingine katika uso ule, na hampati. Akaweka kiti chini taratibu, akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa ndugu yangu iko wapi?"

Ukumbi mzima ulisikia. Ngoy akakaa kwenye kile kiti, akaweka mikono juu ya magoti.

Mupe alikuja mbio na polisi mmoja aliyekuwa langoni. Mjue maana yake siku zile. Mtu wa kambi ya kazi aliyempiga mwingine katika nyumba ya misheni angepoteza kazi, nyumba, na kibali cha kukaa mjini, akapakiwa kwenye treni kurudishwa alikotoka. Polisi aliuliza nini kimetokea. Gaspard, meno yamebanana, alisema ameanguka. Polisi akamtazama mwenye mkono unaoning'inia, akatazama kiti, akageukia watu. Mama mmoja akasema ameanguka. Mzee nyuma yake akasema, ndiyo, ameanguka vibaya. Neno hilo likapita benchi hadi benchi. Mupe aliona kila kitu, alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo. Akasema tu wamlete huyu mgonjwa kwenye gari lake.

Baada ya hapo ukumbi ulifungwa kwa mieleka, na hatukumlaumu mtu. Sulemani aliuvunja ulingo akatengeneza mabenchi ya shule. Mimi niliendelea kuamua mapambano mahali pengine, mtaa wa Kenya wa hapa hapa mjini na baadaye Ruashi, miaka kadhaa, mpaka magoti yalipokataa. Mkono wa Gaspard haukupanda tena juu ya sikio. Hakuweza kukamua mashuka. Wakamweka kwenye pasi.

Ngoy alikuja nyumbani kwa Gaspard Jumapili iliyofuata, kofia mkononi, akasimama nje ya ua. Mke wa Gaspard hakumkaribisha. Alisimama mpaka akachoka, akaenda. Akarudi Jumapili nyingine. Mwishowe Beatrisi ndiye aliyempelekea kigoda, bila kutumwa na mtu, akakiweka chini na kukimbia. Gaspard akatoka, akakaa naye, na hapo tukajua habari. Ndugu mdogo wa Ngoy, Kalenga, alitoka jioni moja kwenye kambi ya mgodi, katika miaka ya vita vya pili vya dunia, na hakuonekana tena. Wote walisema batumbula wamemchukua. Mama yao alikufa akisema hivyo.

Gaspard alimwuliza kama alimtafuta.

"Muntu balishamukula," alijibu Ngoy, "utamuulizia wapi?"

Miaka yote ile hakuuliza mtu hata mmoja. Alikuja kumtazama Mutumbula tu.

Msimu wa baridi, Gaspard alikuja karakana kuniomba baiskeli yangu. Alisema anakwenda na Ngoy kuuliza kwenye makambi, na mkono wake hauwezi kuongoza, kwa hiyo atakaa nyuma. Nilimwuliza ana wazimu gani, kumtafutia ndugu mtu aliyemvunja bega. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, kwani yeye hakuwa nayo.

"Aliniuliza mimi," alisema. "Mbele ya mutoto yangu. Sikumujibu."

Nilikwenda nao. Baiskeli mbili, watu watatu, kila Jumapili baada ya misa. Sitawachosha na makambi yote. Sisi wenyewe yalituchosha. Kalenga alikuwa na alama moja, alipoteza vidole viwili vya mguu chini ya kigari cha mgodi. Tuliuliza juu ya mguu kuliko jina. Watu walitikisa vichwa. Kisha mwanamke mmoja aliyeuza makaa sokoni Kenya alisema mama yake, upande wa Kasungami, aliwahi kumpa malazi mtu wa namna hiyo.

Kasungami wakati huo ilikuwa mashamba na pori. Mama yule alikuwa mzee sana, mikono imeungua kwa kuchoma makaa, na alikumbuka bila kujikaza. Mtu yule alikuja na mguu umefungwa kitambaa. Alikimbia mkataba wake baada ya ajali, akaogopa kurudi, na kwa ndugu yake hakuthubutu kwenda kwa sababu huko ndiko wangemtafuta kwanza. Alimsaidia mama huyu kupanga magogo. Kikohozi kilimkuta kabla ya mvua. Alimtaja kaka yake, alisema mama, alisema ni mtu wa tanuru, asisumbuliwe. Walimzika nyuma ya shamba la mihogo.

Alituonyesha. Palikuwa na mawe yaliyopangwa, na majani makavu juu. Mimi na Gaspard tulibaki nyuma kidogo. Ngoy alivua kofia, kisha akavua viatu, sijui kwa nini. Aliondoa majani kwa mikono, polepole, mpaka mawe yote yakaonekana. Halafu akachuchumaa pale akaongea kwa sauti ndogo, kama unavyomwamsha mtu aliyelala usingizi mzito ambaye hutaki ashtuke.

"Kumbe hakuna muntu alikukula," alisema. "Hakuna muntu, mudogo yangu."